Nyakomisaro Kabla ya Mji Kuamka

Sisi watu wa Mwambao tunapotaja kipupwe, tunakusudia ile miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo Kusi huvuma, jua likapunguza ukali wake, na mama akamvisha mtoto sweta alfajiri akijua kwamba kabla ya saa nne litakuwa limetupwa kitandani. Ni baridi ya kupendeza, ya kunywea kahawa barazani. Huko Kisii na Nyamira kipupwe ni kitu kingine. Mji wa Kisii umekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira viko juu zaidi. Alfajiri ya Julai pumzi ya mtu huonekana ikimtoka kinywani mfano wa moshi, na mabati ya mapaa hudondosha umande hata mgeni akadhani mvua imenyesha usiku kucha.

Mvua nayo ina ada yake. Mvuke wa Ziwa Viktoria hupanda mchana kuelekea milimani, ukapoa, ukawa mawingu. Basi jioni hushuka mvua kubwa yenye radi, na mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya migomba. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, kiasi ambacho Mombasa hatukioni ila katika miaka ya ajabu. Lakini kwa sababu mvua hupenda jioni, asubuhi nyingi huwa safi na tulivu. Mwenye kutaka kuyaona mabonde ya nchi ile, na ayatafute mapema.

Mgeni Mwislamu hujifunza jambo jingine upesi, nalo ni saa. Sote twaishi Kenya moja na saa zetu husoma sawasawa, ila Kisii iko magharibi mno. Mwezi wa Julai jua huchomoza huko karibu robo saa baada ya kuchomoza Mombasa, yaani hufika saa kumi na mbili na dakika arubaini na zaidi ndipo mtu akaliona. Waliozoea ratiba ya sala ya Pwani hujikuta wameamka, wamejitayarisha, na adhana haijasikika. Kwetu sisi, tuliokuwa wageni wa mama mmoja wa Kinubi mjini humo, muda huo wa ziada ulikuwa neema. Mwenyeji wetu, ambaye sote tulimwita Bibi, alisema kwamba mji wake una saa moja tu ya uzuri kila siku, na kwamba watu wengi wa Kisii hawajawahi kuiona kwa sababu wamelala.

Kabla ya kuendelea, pengine ni vyema kumweleza msomaji Wanubi ni nani, maana wengi wetu huwajua kwa Kibera peke yake. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani walioletwa na jeshi la Waingereza, na baadhi yao waliwekwa katika vituo vya bara, Kisii kikiwa kimojawapo, mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuja na Uislamu wao, na lugha yao iliyozaliwa na Kiarabu. Adhana ilisikika katika vilima hivyo vya Wakisii zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Baada ya sala ya Alfajiri Bibi alitutoa nje, mjukuu wake akitangulia na tochi, sisi nyuma tumejitanda leso juu ya mabuibui na shuka nzito juu ya leso. Njia iliteremka. Kisii ni mji wa miteremko: maduka, mahoteli na majengo ya ghorofa yamepangwa juu ya vilima, na chini ya vilima hivyo, mahali ambapo mgeni apitaye na basi haelekezi macho kabisa, unapita Mto Nyakomisaro.

Si mto mkubwa. Kijana mwenye nguvu aweza kurusha jiwe likavuka ng'ambo bila taabu. Lakini kwa saa ile ulikuwa na haiba ambayo hatukuitarajia. Hewa baridi huwa nzito, nayo usiku huteremka kutoka vilimani ikakusanyika bondeni. Maji ya mto yakiwa na ujoto kidogo kuliko hewa, hutoa mvuke. Basi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto tu, haukupanda hata kufika kwenye barabara, ukawa mfano wa mto wa pili mweupe ulioukalia ule wa kwanza na kuzifuata kona zake zote. Migomba ya ukingoni ilionekana vichwa vyake, vigogo havikuonekana. Sauti ya maji yakipita kwenye mawe ilisikika wazi. Bibi alituambia tuisikilize vizuri, kwa sababu ikifika saa moja na nusu hapana atakayeisikia tena mpaka kesho yake.

Ndege walitangulia watu. Kwarara, yule ndege wa rangi ya udongo mwenye mdomo mrefu uliopinda, alipita juu yetu akipiga ukelele wake mkali, na wenzake wakamjibu kutoka kwenye miti. Kisha yangeyange weupe, kimya, mmoja mmoja. Halafu wakaja wanawake. Walishuka kwa vijia vya mlimani wakielekea sokoni, vikapu vya managu na chinsaga vichwani, mikungu ya ndizi migongoni, miguu imeloa umande hadi magotini. Soko kubwa la mji huo laitwa Daraja Mbili, jina la Kiswahili kabisa katika nchi ya Ekegusii, na latosha kumwambia mtu kwamba mji huu ulijengwa katikati ya maji. Walitusalimu, "Bwakire," nasi tukaitikia kwa Kiswahili. Salamu hiyo ni sawa na sisi kusema kumekucha. Na maji kwao ni amache. Ndugu zetu Wamijikenda husema madzi. Kati ya Bahari ya Hindi na vilima vile neno limebadilika kwa herufi mbili tatu tu.

Mwenzetu mmoja, kwa furaha ya mahali pale, alikunja mikono ya nguo na kuinama ukingoni ili ajirushie maji usoni na kutia udhu upya. Bibi alimshika bega.

"Mwanangu, hapa usitie."

Akatueleza kwa sauti ya chini, kana kwamba hakutaka mto usikie. Alipokuwa msichana, nduguze na yeye walitia udhu mahali pale pale, wakajaza mitungi, wakafua, na mama yake akapikia maji hayo. Hakumbuki siku ambayo mambo yalibadilika, kwa kuwa haikuwa siku moja. Mji ulipanda juu ya vilima, na kila kinachomwagwa kilimani hushuka bondeni. Mitaro ya mvua huleta taka za sokoni. Baadhi ya vyoo hufurika mvua inaponyesha sana. Asubuhi inapokua, vijana huja na pikipiki na magari kuyaosha ukingoni, mafuta na sabuni vikaingia majini. Ukungu ule mzuri, alisema, hufunika mengi.

Tuliomsikiliza tulijikuta tumerudi darasani. Walimu wetu wa madrasa, katika madhehebu yetu ya Kishafii, walitufundisha kwamba maji yakifika kulla mbili, nazo ni kama lita 200 hivi kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Sote twayajua hayo kwa moyo. Lakini sisi tumeyasoma katika nchi ya visima na matangi, ambapo swali huwa kama maji yatatosha. Hatukuwahi kusimama kando ya mto uendao, wenye maji maelfu kwa maelfu ya kulla, tukalazimika kunusa. Tulinusa. Chini ya harufu ya majani na umande palikuwa na harufu nyingine. Mwenzetu akateremsha mikono ya nguo yake, na hapana aliyesema neno.

Kuna hadithi iliyopokewa na Abu Daud ambayo ndani yake Mtume, rehema na amani zimshukie, ametahadharisha kuhusu kujisaidia katika mahali patatu panapomletea mtu laana: palipo na maji yanayoendewa na watu, njiani, na kivulini. Twaitaja mara nyingi tunapowafunza watoto adabu za choo, na twaifikiria kuwa ni adabu ya mtu mmoja na haja yake. Tukiwa tumesimama pale ilitujia kwamba mji mzima nao waweza kuwa ndiye mtu huyo.

Jambo hilo lina ubaya wake wa ziada, na ni vyema lielezwe taratibu, maana sisi wenyewe hatukulifahamu mara moja. Nyakomisaro hukutana na mto Riana, na Riana humimina maji yake katika Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha. Na maji ya mfereji ya mji wa Kisii hutekwa katika Mto Kuja huo huo, huko Kegati, kabla haujaufikia uchafu wa mji. Yaani mji hunywa kutoka Kuja kwa juu, na hurudisha katika Kuja kwa chini kile ulichokwisha kukitumia. Aliyeko mjini hufungua bomba na haoni tatizo. Walioko chini ndio wanaoliona: vijiji vya bondeni ambako mtoto wa kike hutumwa mtoni na dumu, hadi nyanda za Nyatike katika Migori, ambako maji hayo hulimia mpunga na ambako mto hufurika mvua zikizidi. Kisha Ziwa Viktoria. Kisha, kwa mlango wa Jinja, Mto Naili.

Hapa Bibi alituchekesha. Alisema kwamba yeye mzee wa Kinubi anafurahi kujua kwamba maji ya mji wake yanarudi Sudani hata kama yeye mwenyewe hakurudi. Nasi tukaongeza kwamba hayaishii Sudani, bali hufika Misri, katika mto ule ule ambao mama yake Nabii Musa, amani imshukie, aliamrishwa amtie mwanawe ndani yake. Twakisoma kisa hicho katika Sura Taha na Sura Al-Qasas na kuwasimulia watoto wakati wa kulala. Mama yule aliukabidhi mto mwanawe mchanga, na dada mtu akaufuata kwa ukingo akiangalia maji yampeleka wapi. Ni wangapi kati yetu leo wangekubali kumchovya mtoto hata mguu katika mto upitao mjini kwao?

Saa moja ilipofika ukungu ulikuwa umekwisha kuinuka. Jua lilipiga mabati ya mlimani kwanza, kisha likateremka polepole hata likagusa maji, na kwa dakika chache mto wote ukawa rangi ya shaba. Subhanallah, ulikuwa mzuri, wala hatutakanusha uzuri wake kwa sababu ya yale tuliyoambiwa. Kisha pikipiki ya kwanza ikashuka ukingoni, dereva wake akiwa na ndoo na tambara. Alitusalimu kwa adabu sana.

Siku ya pili, iliyokuwa Jumamosi, tulipanda gari kwenda Nyamira, safari isiyofika saa moja, kwa kuwa tulitaka kuona maji hayo hutoka wapi yakiwa bado safi. Mto Kuja huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, kaunti ya Nyamira. Barabara hupita katikati ya majani chai yaliyokatwa sawasawa mfano wa zulia, na kati ya mistari yake wanawake wenye aproni za plastiki viunoni, kwa sababu ya umande, wakichuma majani mawili na kikonyo na kuyatupa kwenye vikapu vya mgongoni. Kila baada ya mwendo mdogo kuna bonde, na kila bonde lina kijito. Na kila kijito kimesimamiwa na mikaratusi.

Hapa ndipo tulipopata fundisho ambalo twaona linatuhusu sisi wa Pwani kuliko tulivyodhani. Mkaratusi ni mti mgeni ulioletwa kutoka Australia. Hukua haraka, hunyooka, na hunywa maji kwa pupa. Hupandwa bondeni kwa kuwa ardhi ya bondeni ni tepetepe na hapana zao jingine linaloota vizuri kama huo. Unauzwa wapi? Nguzo za umeme, mbao za kujengea, na kuni. Na wateja wakubwa wa kuni ni viwanda vya chai. Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo na vinginevyo hukausha majani kwa mvuke wa matanuri yanayolishwa magogo mchana na usiku. Chai hiyo ikishakaushwa hufungwa katika magunia ya karatasi, hupakiwa malorini, na huletwa wapi? Huletwa kwetu. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya milima ya Kenya na ya nchi jirani huuzwa hapa mjini petu. Magodauni yale tunayoyapita Shimanzi tukielekea sokoni yamejaa majani ya mabonde hayo. Chai tunayoinywa kwa mahamri na mbaazi asubuhi ya kipupwe ina mti ulionyonya kijito.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Sheria nayo yataka ukingo wa mto uachwe bila kuguswa, si chini ya mita 6. Miti mingine ilikatwa, mingi ikabaki. Ni rahisi kwa mgeni kulaumu. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na katika Kisii wamebanana zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Mama mwenye nusu eka, ambayo robo yake ni bonde, akiambiwa aiache robo ile bure, atauliza karo italipwa na nini. Tulimsikia mmoja akiuliza hivyo hasa, wala hatukuwa na jibu. Jirani yake amepanda mianzi mahali pa mikaratusi, na mwingine amepanda mabingobingo ya kulishia ng'ombe. Wote wawili walisema kwamba maji yamerudi kidogo, nasi twalipokea neno lao kama walivyolisema.

Adhuhuri ilitukuta karibu na chemchemi moja chini ya shamba la chai. Imejengewa ukuta mdogo wa saruji, na kutoka ukutani hutokeza bomba moja. Foleni ilikuwa ya madumu ya manjano kuliko ya watu, maana kila mtoto alikuja na mawili au matatu. Wasichana waliokuwa mbele walipojua kwamba tunataka maji ya kutawadhia walijitenga ili tupite kwanza, kama ilivyo desturi ya Wakisii kwa mgeni mwenye umri.

Maji yalikuwa baridi hata meno yakauma. Hayakuwa na rangi, ladha wala harufu. Lakini bomba lilitoa uzi mwembamba tu, na dumu la lita 20 lililokuwa chini yake tulipofika lilihitaji dakika nyingi kujaa. Bibi aliagiza kopo moja la kibaba, akasema litatutosha kila mtu kwa zamu yake, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi. Watoto walitutazama kwa makini: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi vifundoni, kichwa, masikio, miguu, na kila mmoja akimaliza hubakisha tone kwenye kopo. Msichana mmoja alihesabu kwa sauti makopo tuliyotumia, kwa Ekegusii, tukawa tunamfuatisha.

Juu ya chemchemi, hatua chache tu, kulikuwa na visiki vya mikaratusi iliyokatwa, ishirini au zaidi. Kila kisiki kilikuwa kimechipua upya, machipukizi yakifika kiunoni. Mwenye shamba alituambia kwamba hiyo ndiyo tabia yake: ukiukata bila kuung'oa, hurudi ikiwa mitano mahali pa mmoja. Alikuwa na jembe mkononi na alikuwa amekwisha kung'oa visiki vitatu tangu asubuhi. Wasichana waliturudishia salamu, wakarudisha madumu yao kwenye foleni, na aliyekuwa wa kwanza akaweka lake chini ya bomba akaketi kungoja.